Binti Anayesoma Warumi

Ijumaa hiyo Lyse alikwenda na kurudi ndani ya nyumba hata mama yake akamwambia alionee huruma zulia, maana si lao. Dirisha la jikoni, mlango wa mbele, dirisha la jikoni. Nje helikopta ya polisi ilikuwa inazunguka juu ya mtaa wao wa St Marys, kama kawaida yake tangu Agosti ianze, ikimtafuta sijui nani, maana watu wote walikuwa ndani. Amri ilikuwa imewafungia watu wa magharibi mwa Sydney ndani ya kilomita tano za nyumba zao, saa moja tu ya kunyoosha miguu, barakoa hadi chini ya macho. Jioni televisheni iliwaonyesha watu wa ufukweni, upande wa wenye nazo, wamejilaza kwenye mchanga wakiota jua bila wasiwasi. Jambo hilo lilimkera Lyse kila siku. Ila Ijumaa hiyo alikuwa na la kumkera zaidi, nalo lilikuwa limetoka humo humo nyumbani.

Baba yake alikuwa amemtoa sadaka.

Mchungaji Masumbuko, ambaye kanisa lao la Waswahili lilimtegemea kwa kila kitu, kuanzia ubatizo hadi kusomewa barua za serikali, alikuwa amechukuliwa na ambulensi, korona imemkaa kifuani. Kanisa lenyewe, Warundi na Wakongo na Wakenya wachache, lilikuwa likikutana kwenye Zoom. Wazee wakapigiana simu kuulizana nani atafundisha Jumapili. Mzee Rénovat, baba yake Lyse, hakungoja hata chai ishuke kooni. Binti yangu, akasema, anasoma Warumi chuo kikuu, na sasa yuko kwenye shahada ya juu kabisa. Jumapili atatufundisha Warumi. Wazee wakamshukuru Mungu. Kabla ya adhuhuri Mama Chibalonza, Mkongo aliyeongoza kwaya, na aliyeongoza pia habari za watu bila kupigiwa kura na mtu, alikuwa amelitumia kanisa zima ujumbe wa sauti: wajiandae, mtoto wa Mzee Rénovat atashusha mambo mazito.

Ni kweli Lyse alikuwa anasoma Warumi. Tatizo ni kwamba hawakuwa Warumi wale.

Kosa lilizaliwa kwenye simu. Kama watoto wote wa kanisa lile, Lyse alianza na uuguzi. Kwa Warundi wa St Marys mtoto akimaliza shule huulizwa kama anataka uuguzi au kutunza wazee, na anaachiwa achague kwa uhuru wake wote. Baada ya mwaka mmoja akaacha, kwa sababu somo la pembeni alilochukua kujaza ratiba, somo la watu wa kale, lilikuwa limemteka akili. Baba yake, msafishaji wa hospitali, akampigia akiwa kazini kumuuliza: sasa unasoma nini? Lyse akatafuta neno. Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni na cha kanisani. Baba Mrundi wa Rumonge na mama wa Uvira walikutana katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila, huko Kigoma, na Kiswahili ndicho kilichowaozesha. Lakini katika Kiswahili hicho hakuna aliyewahi kumfundisha namna ya kusema kwamba mtu anaweza kusomea kufukua nyumba za waliokufa. Akalidaka neno lililokuwa karibu. Nasoma Warumi, baba.

Upande wa pili Mzee Rénovat, Mpentekoste tangu ujana wake, akauliza kwa sauti ya mtu aliyekuta nyoka kitandani kama ina maana amehamia kwa Waroma, na kama ameshaanza rozari.

“Si Waroma, baba,” Lyse akasema. “Warumi.”

Baba akashusha pumzi. Akasema Mungu ni mwema, akalirudia, akamwita mwenzake wa kazini aje asikie. Hapo ndipo Lyse alipotakiwa kuongeza neno moja tu, na hakuliongeza. Tangu aache uuguzi baba yake alikuwa akimsalimu kama anavyomsalimu mtu wa posta, na furaha ile ilimwingia mwilini. Akaona aiache ikae kidogo. Ikakaa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na Lyse aliutazama ufa ule ukipanda mwaka baada ya mwaka, kila Krismasi akiombewa hadharani ili Bwana amfunulie waraka wa mtume.

Alichokuwa anasoma ni shamba. Tajiri mmoja wa Kirumi alikuwa na shamba kubwa kilimani, katikati ya Italia, na juu yake nyumba ya kupumzikia kelele za mjini. Wenyewe waliliita villa. Mama yake, Gloriose, aliambiwa ukweli mapema, akacheka hadi akakaa chini, kwa sababu nyumba yao ya kupanga pale St Marys, iliyobanana ukuta kwa ukuta na ya jirani na yenye ukungu nyuma ya kila kabati, wakala alikuwa ameitangaza kwa jina hilo hilo. Kwa hiyo unasomea mahali tunapoishi, alisema Gloriose, wangekuuliza mimi ningewaeleza bure.

Lakini villa ile ilikuwa na bafu lenye sakafu iliyoinuliwa juu ya viguzo vya matofali ili moto upite chini, wenye nyumba wapashe miguu. Ilikuwa na sakafu za vijiwe vya rangi vilivyopangwa vikawa samaki na zabibu. Wachimbaji wa kwanza, zamani kabla Lyse hajazaliwa, walikwenda kutafuta hizo sakafu. Walizibandua, wakazipeleka makumbusho, wakapigwa picha. Nyuma, ng’ambo ya kinu cha kukamulia zeituni, kulikuwa na safu ya vyumba vidogo vya kuta za udongo. Hivyo walivikata katikati kwa majembe ili kupitisha toroli zao, na udongo wakaumwaga bondeni. Lyse kila akisoma ripoti yao alitukana, kwa Kiingereza, ili mama yake asisikie vizuri.

Alifika huko msimu mmoja, mwaka mmoja kabla ya korona, baba yake akiamini anakwenda kuuona mji ulioandikiwa waraka. Alipiga magoti ndani ya kimoja cha vile vyumba na mwiko mdogo mkononi, akakwangua hadi akaifikia sakafu ya udongo uliokanyagwa na watu, na pembeni weusi wa moto mdogo. Mwalimu wake alisema ni stoo. Lyse alisema stoo haipiki. Vyumba viwili vilikuwa vimebaki bila kuguswa, na kwa Lyse jibu lilikuwa humo. Alitakiwa kurudi kiangazi kilichofuata. Dunia ikafungwa. Mwaka uliofuata ikafungwa tena. Ndiyo maana miguu yake haikutulia: mwili ulikuwa St Marys, na mawazo yamepiga magoti Italia.

Basi Ijumaa ile alijiapiza kumwambia baba yake kabla jua halijazama.

Mzee Rénovat alirudi kutoka kazini akinuka dawa, pua imewiva kwa vipimo walivyolazimishwa kupimwa kila mara. Lyse akamngoja aoge. Alipotoka bafuni, akaingia kwenye maombi ya kumwombea Mchungaji Masumbuko, na mtu hakatizwi akiwa kwenye maombi ya namna ile. Alipotoka kwenye maombi, akaomba pasi. Lyse akamkuta analinyoosha shati jeupe la Jumapili, na hii ilikuwa Ijumaa.

Alianza: baba, kuhusu hii Jumapili. Baba akamkatiza bila kuinua macho kwenye kola. Akamwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia. Alipoacha uuguzi, watu kanisani walisema. Walisema mtoto wa Rénovat ameshindwa, kichwa kimejaa, sasa atazunguka tu Bankstown kwenye maduka na wenzake. Walisema mbele yake, wakijifanya wanamhurumia. Naye aliwajibu kila mmoja kwamba mtoto hajashindwa, mtoto ameitwa.

“Jumapili sitasema kitu,” alisema Mzee Rénovat, akaligeuza shati. “Nitakaa tu. Niwatazame wakisikiliza.”

Lyse akarudi chumbani kwake. Aliona haya ya kweli, ile ya kuchoma masikio, na juu yake akaona hasira, na hakujua hasira hiyo ampe nani. Kama angesema, angemvua baba yake nguo mbele ya watu aliokuwa anapigana nao kwa ajili yake. Kama angenyamaza, Jumapili angesimama kama nabii wa uongo, na baba yake akimtazama kwa macho yale. Aliuchukua ule usiku akaupindua kila upande, haukuwa na upande laini.

Jumamosi mama yake alikuwa anachambua isombe jikoni, majani ya muhogo ambayo rafiki yake alikuwa akimnunulia Cabramatta zamani njia zilipokuwa wazi, na sasa yalikuwa ya kwenye friza, yamekakamaa kama kuni. Hakumbembeleza. Mficha maradhi kifo humuumbua, alisema, na wewe kifo chako kimeshapangiwa saa nne asubuhi na link imetumwa. Akajitolea kumwambia mwenyewe. Lyse akakataa, la kwake lilikuwa la kwake. Gloriose akasema sawa, lakini asimtegemee kuwa na uso wa kushangaa.

Basi Lyse akauchukua waraka wenyewe wa Paulo, akausoma tangu mwanzo, akitafuta mahali pa kushika. Sheria, neema, imani, sheria tena. Aliusoma akitembea. Kila mlango ulikuwa na watu waliouhubiri vizuri kuliko yeye, na kila alipojaribu kujitungia fundisho alijisikia anaiba. Akafika mwisho kabisa, pale wahubiri wasipofika, kwenye salamu tupu. Msalimuni fulani, msalimuni fulani. Ampliato. Persisi. Herme. Watu wa nyumbani mwa Narkiso. Tertio aliyeshika kalamu, na Kwarto.

Lyse akasimama katikati ya ukumbi. Mama yake, aliyezoea zile hatua, akatoka jikoni kuangalia kimetokea nini.

Jumapili Mzee Rénovat alivaa shati na tai na koti, na chini suruali ya mazoezi, kwa kuwa kamera haishuki huko. Aliketi kando ya binti yake, mikono juu ya magoti. Kwenye kioo vijisanduku vilifunguka kimoja kimoja: familia zimebanana kwenye makochi, mtu mmoja anaendesha gari kwenda kazini, paji la uso la Mama Chibalonza peke yake maana simu aliishika kama bakuli. Wakaimba, kila mtu kwa wakati wake. Wakaomba. Mzee Rénovat akamkaribisha binti yake kwa sentensi moja fupi, akakaa kimya kama alivyoahidi.

Lyse alisema atafundisha mlango wa mwisho. Akaona baba yake ameshtuka kidogo. Akawasomea majina, taratibu, yote. Kisha akawaeleza kwamba mengi ya majina yale hapo zamani waliitwa nayo watumwa. Tertio maana yake ni Wa Tatu. Kwarto ni Wa Nne. Mwenye mtumwa hakujisumbua kutafuta jina, alihesabu tu. Na watu wa nyumbani mwa Narkiso si watoto wake. Huenda ni watu aliokuwa anawamiliki. Kwa hiyo, alisema, mtume alipotaja watu wa kusalimiwa katika mji ule mkubwa, aliwasalimu pia waliopika na waliobeba maji. Mzee mmoja wa Kirundi akafungua sauti akasema amina, akasahau kuifunga, wakawa wanamsikia anavyopumua.

Kisha Lyse akaweka picha kwenye kioo. Ilikuwa ya kile chumba: sakafu ya udongo, ukuta uliobaki kimo cha kiganja, weusi wa moto kwenye kona. Sauti ikaanza kukimbia, akairudisha.

“Hapa ndipo walipolala watu wa namna hiyo,” alisema. “Mimi naamini hivyo, mwalimu wangu bado hajakubali. Waraka una majina, hauna vyumba. Mimi nina vyumba, sina majina.” Akaiacha picha kwenye kioo. “Na lazima niseme. Chuoni sisomi Biblia. Sijawahi kuisoma chuoni. Nachimba nyumba hii. Baba yangu aliniuliza, na mimi nilimjibu nusu, halafu nikamwacha na hiyo nusu. Yeye hakuwadanganya. Nilimdanganya mimi.”

Hakumtazama. Alitazama vile vijisanduku, na vyote vilikuwa vimeganda hata akadhani mtandao umekatika, hadi alipoona mtoto mmoja anapita nyuma ya kochi na biskuti.

Paji la uso la Mama Chibalonza likasogea. Akauliza kwa upole wote, upole ule ambao watu wa kanisa lile waliuogopa, kama Mzee Rénovat hakuwaambia kwamba mtoto anasoma Neno la Mungu.

Mzee Rénovat akaisogelea kompyuta. Lyse aliona mshipa wa shingoni ukipiga juu ya kola iliyonyooshwa.

“Niliwaambia anasoma Warumi,” alisema. “Anasoma Warumi. Kuuliza ni Warumi gani ilikuwa kazi yangu, na sikuuliza. Tumwombee mchungaji.”

Akaomba. Aliomba kwa ufupi, jambo ambalo kanisa halikuwa limewahi kuliona kwake, akasema amina, akaifunga kompyuta kabla watu hawajaagana.

Gloriose aliondoka jikoni akaenda chumbani bila kuambiwa. Lyse alianza kusema samahani na baba yake akainua kiganja. Alisema watu wa kanisa ni wake, atamalizana nao mwenyewe, wamewahi kusema makubwa zaidi ya hayo na bado anakula. Hilo silo lililomuuma.

“Miaka yote hii,” alisema. “Ulifikiri mimi sitaelewa?”

Lyse angeweza kutafuta jibu la kumponya. Alikuwa amechoka na majibu ya namna hiyo.

“Ndiyo, baba. Nilifikiri hutaelewa.”

Mzee Rénovat akatikisa kichwa polepole kama mtu anayepokea mzigo mzito kuliko alivyoambiwa. Akafungua mlango wa nyuma, akatoka uani na tai yake na suruali ya mazoezi. Ua wenyewe ulikuwa kipande cha saruji, kamba ya nguo, na ukanda wa udongo ambapo Gloriose alilazimisha lengalenga, mchicha wa kwao, ziote kwenye baridi. Lyse alibaki ndani akiwa ameshika kiti. Kulia alitaka kulia, lakini aliona akilia baba yake atalazimika kumbembeleza, na hiyo ingekuwa dhuluma nyingine. Mwishowe akamfuata.

Walisimama. Helikopta ilipita mbali, upande wa Penrith. Kisha baba, bila kumtazama, akauliza swali. Ukuta wa udongo ukianguka, alisema, unakuwa udongo. Sasa wao walijuaje kwamba pale palikuwa na ukuta?

Lyse akamweleza, akitafuta maneno, na pale yalipokosekana akitumia mikono. Udongo ukiguswa na mtu haurudi kuwa kama ulivyokuwa. Ukichimba shimo na kulifukia siku hiyo hiyo, udongo wa chini umekuja juu, umechanganyika. Ukikwangua taratibu unaona rangi nyingine, na mpaka wake, kama kiraka kwenye shati. Hata baada ya miaka elfu mbili.

“Shimo lolote?”

“Lolote, baba. La nguzo, la takataka.”

“La kaburi.”

“La kaburi pia.”

Mzee Rénovat akaivua tai, akaanza kuikunja mkononi.

“Kabla yako tulikuwa na mtoto,” alisema. “Arnaud. Tulimzika Mtabila, nyuma ya zahanati. Niliweka mti, msalaba wa mti tu. Halafu sisi tukaletwa huku, na kambi ikafungwa, nyumba zote zikasawazishwa. Tingatinga. Aliyekuwapo aliniambia ukisimama pale huoni hata njia ilikuwa wapi. Pori.” Akaikunjua tai, akaikunja upya. “Huwa nafikiri, kwa hiyo hakuna tena. Ni kama hakuwapo.”

Lyse alijua kwamba kulikuwa na mtoto kabla yake, kwa jinsi watoto wanavyojua mambo ya nyumba bila kuambiwa. Jina alikuwa analisikia kwa mara ya kwanza. Akalirudia moyoni, mara mbili, ili lisimpotee.

“Yuko, baba,” alisema.

“Tingatinga lilipita juu.”

“Linakwangua juu tu. Chini shimo linabaki. Mtu anayejua kuangalia akienda, ataliona. Sijui kama mifupa ingekuwepo, inategemea udongo, na alikuwa mdogo. Lakini mahali, mahali patakuwepo. Ataona kwamba kuna mtu aliyesimama pale akachimba kwa mkono wake, akarudishia udongo.”

“Hata bila msalaba.”

“Hata bila msalaba.”

Mzee Rénovat aligeukia ule ukanda wa lengalenga, akautazama kwa muda mrefu. Mabega yake yalipanda na kushuka. Lyse akasogea hadi bega lake likagusa la baba yake, na yeye hakusogea pembeni. Ndani ya nyumba simu ilianza kuita, ikakatika, ikaanza tena, na wote wawili walijua ni ya nani.

“Basi soma,” baba yake alisema, akajifuta uso kwa ile tai, akaingia ndani kumpokea Mama Chibalonza.